Vyombo Vikishapanda Lori, Bei Si Yako Tena

*Wanaohama kutoka kaunti moja hadi nyingine huachiwa hasara na wasafirishaji wasiojulikana vizuri. Sheria ya kuwalinda ipo, ila ni wachache wanaoitumia.*

Lori lilikuwa limesimama Mariakani tangu alfajiri.

Huko Bamburi, Mombasa, mwalimu wa shule ya upili alikuwa ameketi kwenye sakafu ya nyumba aliyoikodi, nyumba isiyo na hata kigoda, wanawe wawili wamelala juu ya leso. Walikuwa wamesafiri kutoka Nairobi kwa basi la usiku ili wawahi kupokea vyombo vyao. Kilichotangulia kufika ni simu ya dereva.

Dereva alimwambia kwamba mzigo ulikuwa mkubwa kuliko ule uliotajwa, kwamba mafuta yalikuwa yamepanda, na kwamba gari lisingesogea mpaka pesa ziongezwe. Alichodai kilikaribia nusu ya bei nzima waliyoafikiana Nairobi.

Mwalimu akampigia mtu aliyefanya naye mapatano. Mara ya kwanza simu iliita hadi ikakatika. Alipojaribu tena ilikuwa imezimwa. Akaenda kituo cha polisi, akaambiwa hayo ni mambo ya mkataba, apeleke kesi kortini. Ilikuwa Jumamosi.

Adhuhuri alikopa kwa shemeji yake, akatuma pesa kwa M-Pesa, na lori likafika magharibi. Kioo cha kabati la nguo kilikuwa kimepasuka. Kabati lenyewe, la mbao za MDF, lilikuwa limenyeshewa njiani na kuvimba upande wa chini. Katoni moja ya vyombo vya jikoni haikuonekana kabisa, na mwalimu hakuwa na karatasi yoyote ya kuthibitisha kwamba katoni hiyo iliwahi kupanda lori.

Alinisimulia haya kwa sharti kwamba nisimtaje jina. Kampuni nayo siitaji, kwa kuwa hata yeye mwenyewe hajui kwa hakika ni nani hasa aliyembebea vyombo.

Msimu wa kuhama

Kenya ina watu wengi wanaohama kwa sababu ya kazi. Serikali za kaunti 47 zilipoanza kufanya kazi mwaka 2013, ajira nyingi za umma zilitawanyika hadi miji ambayo zamani ilikuwa ya kupitia tu. Mwaka 2018, Tume ya Huduma za Walimu (TSC) ilianza kuwapeleka walimu mbali na kaunti zao za nyumbani, mpango uliolalamikiwa mno na ambao baadaye ulilegezwa, walimu wengi wakaomba kurudi. Kwenda na kurudi kote huko kulihitaji lori. Waongeze wauguzi, polisi na wafanyakazi wa benki wanaopewa barua ya uhamisho na wiki chache za kujiandaa.

Halafu kuna kalenda ya kodi. Nyumba nyingi hulipiwa kufikia tarehe 5, kwa hivyo kila anayehama hutaka kutoka kati ya tarehe 28 na siku za kwanza za mwezi unaofuata, asije akalipia nyumba mbili. Siku hizo chache ndizo ambazo magari hugombaniwa na mteja hukubali lolote.

Wengi wetu tunadhani bei hutokana na umbali pekee. Kutoka Nairobi hadi Mombasa ni takriban kilomita 480, na mtu angetarajia kwamba kushuka na kupanda kungegharimu sawa. Sivyo. Nchi hii huingiza shehena nyingi kuliko ile inayouza nje, na malori mengi yanayopanda bara yakiwa yamejaa hurudi Pwani yakiwa matupu. Mwenye lori linalorudi huona nafuu kubeba chochote kitakachomlipia mafuta. Anayehama Mombasa kwenda Nakuru au Eldoret, kinyume chake, anashindania nafasi na mbolea, vyuma na ngano kutoka bandarini.

Ndiyo maana bei ya kushuka Pwani inaweza kuwa ya chini kiasi cha kushangaza. Mwalimu wetu alivutiwa na bei hiyo. Ambacho hakuelezwa ni kwamba vyombo vyake vingesubiri wateja wengine, vichanganywe na mizigo yao, na pengine kuhamishwa kutoka gari moja hadi jingine kabla hata ya kutoka Mlolongo, nje kidogo ya Nairobi.

Nani hasa ana lori?

Hapa ndipo chanzo cha maudhi mengi, na nitakaa hapa kidogo.

Mteja hupata nambari ya simu, kwenye bango lililogongomelewa nguzo ya stima au kwa rafiki wa rafiki. Anayejibu huzungumza kwa ujasiri, ana jina la kampuni, ana picha za wafanyakazi waliovaa fulana zinazofanana. Huuliza una vyumba vingapi, hutaja bei, huomba malipo ya awali. Katika visa vingi mtu huyo ni dalali. Hana lori, hana wapakiaji, wala ofisi.

Akishapokea malipo ya awali, dalali huanza kutafuta gari. Humpigia mwenye Canter au lori kubwa zaidi na kumtajia bei yake, ambayo ni ndogo kuliko ile aliyokupa wewe, kwa kuwa tofauti ndiyo riziki yake. Ili dereva akubali, dalali hupunguza ukubwa wa mzigo: nyumba ya vyumba vitatu hugeuka kuwa "vyombo vichache". Dereva anapofika na kukuta sofa za watu saba, friji, vitanda vitatu na mapipa ya maji, yeye pia huona ametapeliwa.

Badala ya kukataa mzigo pale pale, hupakia. Siku yake ameshaipoteza, na akirudi mikono mitupu atamjibu mwenye gari. Hupakia akijua kwamba mazungumzo halisi ya bei yatafanyika baadaye, vyombo vikiwa mikononi mwake.

> Hupakia akijua kwamba mazungumzo halisi ya bei yatafanyika baadaye, vyombo vikiwa mikononi mwake.

Asubuhi, nyumbani kwako, una uwezo wa kusema hapana na kutafuta mwingine. Jioni, kila ulicho nacho kikiwa kimefungiwa kwenye lori la mtu usiyemjua jina lake la pili, uwezo huo umekutoka. Godoro unalolalia, sare za shule za watoto, vyeti ulivyovisahau kwenye droo: vyote vimekuwa rehani kwa deni usilolijua. Hakuna biashara nyingine ya kawaida ambayo mteja hukabidhi nyumba yake nzima kabla ya bei kutulia.

Wenye malori nao wana yao

Sitatenda haki nikiwaacha madereva waonekane wanyang'anyi. Wapo wanaofanya kazi hii kwa uaminifu kwa miaka mingi, na malalamiko yao ni ya kweli.

La kwanza ni wateja wanaoficha. Mtu husema ana chumba na sebule, kumbe stoo imejaa. Husema nyumba iko orofa ya kwanza, kumbe ni ya tano na lifti haifanyi kazi. Kuna friji la milango miwili lisilopita kwenye ngazi mpaka milango ing'olewe. Kuna ploti ambazo msimamizi hakubali kupakia baada ya saa kumi na mbili jioni. Kila moja ya hizi ni saa za kazi na vibarua wa kulipwa, na mteja hutaka ziingie katika bei ile ile.

La pili ni gharama za njiani. Bei ya mafuta hubadilishwa kila mwezi na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Mafuta (EPRA), inayoitangaza tarehe 14. Ukielewana na mteja tarehe 10 kwa safari ya tarehe 30, unaweza kujikuta umeshauza kwa hasara. Mizani za Mlolongo na Mariakani zina foleni zake. Anayekwenda Pwani Kusini huenda akahitaji kivuko cha Likoni, na anayehamia Mji wa Kale wa Mombasa hukuta vichochoro ambamo hakuna lori linaloingia, kwa hivyo vyombo humaliziwa kwa mkokoteni. Mkokoteni huo nani anaulipa?

La tatu linatuhusu sisi sote: tunapatana mpaka bei inafika mahali ambapo hakuna mtu angeweza kufanya kazi hiyo bila kuiba mahali fulani. Aliyetaja bei ya haki mwanzoni huonekana ghali na kuachwa. Aliyetaja bei isiyowezekana hupewa kazi, kisha huitafuta faida yake barabarani. Soko la namna hii huwafukuza waaminifu.

Nayakubali yote hayo. Lakini hakuna hata moja linalohalalisha kusimamisha lori Mariakani. Aliyekuta mzigo mkubwa kuliko alivyoambiwa ana mahali pa kulisemea hilo, nalo ni mlangoni kwa mteja, kabla ya kiti cha kwanza kupanda.

Fanicha haipendi safari

Hata bila ulaghai, safari ndefu huumiza vyombo, na ugomvi mwingi hutokea kwa sababu pande zote mbili hazielewi nini huvunja nini.

Kitanda cha mninga au mahogani kilichotengenezwa na mafundi wa Ngong Road hukazwa kwa boliti, na kinaweza kufunguliwa na kuungwa mara nyingi. Kabati la MDF haliko hivyo. Mbao hizo ni nyuzi za mti zilizogandishwa kwa gundi. Skrubu ikishatolewa, tundu hulegea, na ukiirudisha haishiki kama awali. Maji yakigusa ukingo usiofunikwa, ubao huvimba na haurudi. Katika msimu wa mvua za masika, kati ya Machi na Mei, turubai lenye tundu dogo tu linatosha kumaliza kabati zima kabla lori halijafika Mtito Andei.

Friji likilazwa, mafuta ya kompresa hutiririka kwenye mabomba. Likifika, lisimamishwe wima na kuachwa saa kadhaa kabla ya kuwashwa. Wengi huliwasha papo hapo kwa sababu ya joto la Pwani, likifa humlaumu dereva. Televisheni bapa nayo husafirishwa ikiwa imesimama wima, si kulazwa chini ya magodoro kama wengi wanavyoilaza wakidhani wanailinda.

Kuna jambo jingine ambalo wahamiaji wa Pwani hulijua wakiwa wamechelewa. Nairobi iko juu sana na hewa yake ni kavu ikilinganishwa na ya baharini. Mbao halisi iliyokaa miaka huko bara, ikifika Mombasa, hunyonya unyevu na kutanuka. Wiki chache baada ya kuhama, droo zinagoma kufunguka na milango ya kabati haifungi sawasawa. Mteja huamini fanicha yake ilipindwa ndani ya lori. Hapo mchukuzi hana kosa, na anayetaka kumdai fidia apeleke yale ya kweli: kioo kilichopasuka, mguu uliovunjika, katoni iliyopotea.

Namna ya kuyatenganisha ni kupiga picha. Picha ya kila kipande kabla ya kupakiwa, na nyingine kinaposhuka. Simu iliyo mfukoni inatosha, na tarehe hujiandika yenyewe.

Sheria tuliyo nayo tayari

Watu niliozungumza nao walidhani Kenya haina sheria inayogusa jambo hili. Tunayo.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya kupata huduma ya kiwango kinachofaa, habari anazohitaji ili afaidike nayo, na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro za huduma. Kisha kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012, ambayo ndani yake mna mambo mawili ambayo kila anayehama angepaswa kuyajua kwa moyo.

Jambo la kwanza ni makadirio. Mkataba ukiwa na makadirio ya bei, anayetoa huduma haruhusiwi kutoza zaidi ya asilimia 10 juu yake, isipokuwa kama mteja ameomba kazi ya ziada na wakakubaliana upya. Ukikadiriwa Sh50,000, haiwezi kuzidi Sh55,000.

La pili ni kana kwamba liliandikwa kwa ajili ya lori la Mariakani. Sheria inasema ni tendo lisilo la haki kwa mtu kutumia mali ya mteja iliyo mikononi mwake kumshinikiza akubali masharti mapya ya mapatano. Dereva anayezuia vyombo ili aongezwe pesa anavunja sheria, hata kama ana sababu nzuri ya kudhani alipunjwa.

> Sheria inakataza kutumia mali ya mteja kumshinikiza akubali bei mpya.

Haki hizo haziondolewi kwa maandishi. Utaona kwenye risiti, au kwenye ubavu wa lori, maneno ya kwamba mzigo unabebwa kwa hatari ya mwenyewe. Maneno hayo huwatisha watu wakanyamaza. Sheria ya 2012 inasema wazi kwamba haki zilizomo zinabaki hata pale mteja alipotia saini ya kuziacha.

Kuna pia mahali pa kwenda. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kufunguliwa kwa mara ya kwanza Milimani, Nairobi, mwezi Aprili 2021, sasa ina matawi katika miji kadhaa, Mombasa ikiwemo. Husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, yakiwemo ya mali iliyoharibiwa na ya kurejeshewa vitu vyako vilivyozuiwa. Inatakiwa kumaliza kesi ndani ya siku 60 tangu ifunguliwe. Unaweza kujisimamia bila wakili, na haifungwi na kanuni ngumu za ushahidi zinazotumika katika mahakama nyingine. Ujumbe wa M-Pesa, mazungumzo ya WhatsApp na picha zako ni mwanzo mzuri wa kesi.

Kikwazo ni kujua umshtaki nani. Ukiwa na jina la kwanza na nambari ya simu tu, hati ya mahakama utaipeleka wapi? Kwa hiyo kabla ya kulipa hata shilingi, omba nakala ya kitambulisho au cheti cha usajili wa kampuni, na uandike nambari ya usajili wa lori. Lipia nambari ya biashara yenye jina la kampuni uliyoelewana nayo, si nambari binafsi ya mtu. Kama anayepokea simu yako anakataa kusema lori ni la nani, huyo ni dalali, na kuanzia hapo unajua unashughulika na nani.

Wengine wamefanyaje

Wakenya walioko Marekani wanaohama, tuseme, kutoka Texas hadi Minnesota, hukutana na matatizo haya haya. Vyombo kuzuiwa hadi pesa ziongezwe ni malalamiko ya miaka mingi huko. Tofauti ni kwamba anayesafirisha vyombo vya nyumba kati ya majimbo lazima asajiliwe na serikali ya shirikisho na awe na nambari ambayo mteja anaweza kuitafuta. Dalali lazima ajitambulishe kuwa dalali. Mteja hupewa kijitabu cha haki zake. Pale ambapo bei ilikuwa ya makadirio tu, mchukuzi hana budi kushusha vyombo mteja akilipa asilimia 110 ya makadirio hayo, na kinachobaki hudaiwa baadaye.

Si kwamba mfumo wao umekamilika. Mteja aliyekubali kwa maandishi kuacha ulinzi wa thamani kamili hulipwa senti 60 tu za dola kwa kila ratili ya kitu kilichoharibika, kwa hivyo televisheni ya ratili 50 hulipwa dola 30 bila kujali ilinunuliwa kwa kiasi gani. Lakini angalau mtu anajua anamdai nani.

Kinachohitajika hapa

Sisi tuna kibali cha biashara cha kaunti na ukaguzi wa magari wa Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi (NTSA). Kibali huthibitisha kwamba ada imelipwa; ukaguzi huangalia breki na taa. Hakuna kati ya hivyo kinachomwambia mwalimu wa Bamburi kwamba mtu aliyempa funguo za nyumba yake anaaminika.

Mamlaka ya Ushindani, ambayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 imeipa pia kazi ya kuwalinda watumiaji dhidi ya udanganyifu wa kibiashara, ingeweza kuanza na jambo dogo lisilohitaji sheria mpya Bungeni: fomu moja ya ukurasa mmoja kwa kila uhamisho wa kutoka kaunti moja hadi nyingine. Jina na nambari ya kitambulisho cha mwenye lori. Jina la dalali, kama yupo. Orodha ya vyombo, kipande kwa kipande, pamoja na hali yake. Bei, na nani analipia mizani, kivuko, mkokoteni na orofa. Kama kuna bima ya mzigo safarini, jina la kampuni ya bima na kiwango chake. Saini mbili kabla ya kupakia, mbili baada ya kupakua, nakala moja ibaki kwa mteja.

Wenye malori waaminifu nao wangepumua, maana mteja aliyeandika "friji la milango miwili, orofa ya tano" hawezi kudai baadaye kwamba alitaja vyombo vichache. Na dalali ambaye jina lake limo kwenye karatasi hatakuwa na sababu ya kuzima simu.

Hadi hapo, fomu hiyo inaweza kuandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya daftari. Mahakama ya Madai Madogo itaipokea.